Kitoweo cha Kifaranga

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Shinyanga na Geita

Maneno haya ndiyo yaliyosemwa katika redio. Yamepigwa chapa ili darasa liyasome tena pamoja, polepole. Wanaosikika ni Mwalimu, na wanakisomo wawili: Mama, akaaye Shinyanga, na Mzee, akaaye Geita.

Mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni kabla redio haijafunguliwa: kifaranga, kitoweo, mchwa, kichuguu, chungu, nyenje, funza, zebaki, sumu.

MWALIMU: Hamjambo, wanakisomo. Mwadila, wazee wetu na akina mama mliokusanyika chini ya miembe na katika vyumba vya shule. Leo tutajifunza habari ya kifaranga. Tutaona ni chakula gani kinachompungukia, na jinsi ya kumpatia wadudu wa kula bila kutoa fedha. Shikeni madaftari yenu, lakini msiandike bado. Kwanza sikilizeni. Mama, kuku wako aliatamia mayai mangapi?

MAMA: Mayai 12, mwalimu. Baada ya siku 21 akatotoa vifaranga 10. Mwezi mmoja ulipokwisha walibaki 3.

MWALIMU: Hao 7 walikwenda wapi?

MAMA: Wawili walichukuliwa na mwewe. Watano walisinyaa tu. Mbawa zilining'inia, hawakuota manyoya vizuri, wakafa mmoja mmoja. Nikasema ni kideri.

MWALIMU: Na kuku wakubwa, nao waliugua?

MAMA: Hapana. Wakubwa walikuwa wazima.

MWALIMU: Ulikuwa ukiwapa vifaranga chakula gani?

MAMA: Pumba za mahindi. Walikula wakashiba.

MWALIMU: Basi hapo ndipo penye somo letu. Kideri kikiingia nyumbani, kwa kawaida huua wakubwa na wadogo pamoja. Yako magonjwa mengine yauayo vifaranga, na bwana mifugo ndiye wa kuyapima. Lakini kifaranga alaye pumba peke yake hushiba tumbo na huku mwili una njaa. Wanakisomo, ninyi mkila ugali mtupu asubuhi na jioni, mwezi mzima, bila maharage, bila dagaa, bila maziwa, mtakuwaje?

MZEE: Tutakonda, mwalimu. Na watoto ndio watakaoumia zaidi.

MWALIMU: Naam. Pumba ni ugali wa kifaranga. Kitoweo chake ni mdudu. Pumba humpa nguvu ya kukimbia, mdudu humpa cha kujengea nyama, damu na manyoya. Chakula hicho cha kujenga mwili wataalamu hukiita protini. Kifaranga akitoka katika yai uzito wake ni kama gramu 30 tu, nao ni wajibu aongezeke upesi. Siku 2 au 3 za kwanza kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake humsaidia. Kikiisha, hana akiba nyingine.

Kuku mwenyewe ajua jambo hili kuliko sisi. Mtazameni aongozapo watoto wake. Akichakura akapata punje, pengine huila. Akipata mdudu, humwinua kwa mdomo, humwangusha, humwinua tena, na huku anaita. Vifaranga huja mbio. Mama amejinyima ili wanawe wapate kitoweo. Lakini uwanja wetu umefagiwa, na tangu Juni mpaka Oktoba ardhi ni kavu kama jiwe. Huchakura kutwa asipate kitu. Kwa hiyo yatupasa tumsaidie.

Kutega mchwa

MWALIMU: Mdudu wa kwanza ni mchwa. Nchi ya Shinyanga ina vichuguu vingi. Zamani miti mingi ya nchi hii ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye ikaendelea kukatwa kwa kilimo na kuni, ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI, maana yake Hifadhi Ardhi Shinyanga, nao ukahimiza watu kurudisha ngitili zao. Ngitili ni malisho yanayofungwa ili majani na miti ipate kuota. Penye majani makavu na matawi yaliyoanguka ndipo mchwa wanapopenda, kwa kuwa hicho ndicho chakula chao. Ukingo wa ngitili ni mahali pazuri pa kutega.

Sasa andikeni. Nitasema polepole.

Kwanza, tafuta chungu kikuukuu au kibuyu kilichovunjika mdomo. Hakina haja ya kuwa kizuri.

Pili, kijaze samadi kavu ya ng'ombe, majani makavu, na magunzi au mabua ya mahindi yaliyopondwa. Nyunyiza maji mpaka viwe na unyevu. Visiwe tope.

Tatu, jioni jua likipungua, nenda mahali penye njia za mchwa. Kwangua udongo wa juu kidogo hadi uone vitundu vyao. Kifudikize chungu hapo, mdomo chini.

Nne, funika chungu kwa gunia au majani ili jua lisikichome. Weka jiwe juu, na miiba pembeni, mbuzi wasikipindue.

Tano, kesho yake alfajiri nenda ukakifunue. Kama mchwa ni wachache, kirudishe ukae siku moja au mbili zaidi.

MAMA: Mwalimu, kwa nini alfajiri? Nina maji ya kuteka.

MWALIMU: Kwa sababu mchwa hawezi joto. Jua likipanda hushuka chini ardhini, na ukichelewa utakuta chungu kitupu. Ukisha kuwapata, kung'uta chungu juu ya sinia au mkeka mahali penye kivuli, uwape vifaranga papo hapo. Mchwa hawekeki. Ukimwacha juani hukauka akafa upesi. Ukitaka mchwa wa kesho, tega tena leo jioni.

Mwangalieni pia mchwa mwenye kichwa kikubwa na meno kama koleo. Huyo ni askari, naye huuma. Kifaranga wa wiki ya kwanza asipewe askari mzima. Mchague umwondoe, au umponde kwa jiwe.

MZEE: Je, si afadhali kubomoa kichuguu chote kwa jembe, tukapata wengi kwa siku moja?

MWALIMU: La, mzee wangu. Ndani ya kichuguu yumo malkia, naye ndiye atagaye mayai yote. Ukimwua malkia umechinja ng'ombe wa maziwa ili ule nyama mara moja. Tega kichuguu hiki siku chache, kisha ukipumzishe, uhamie kingine. Wala usivutie mchwa karibu na nyumba, wasije wakala boriti za paa. Mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi hutoka wengi. Wale pia ni kitoweo kizuri. Lakini kifaranga mdogo mwondolee mbawa kwanza.

Kufuga nyenje

MZEE: Mwalimu, nina swali. Mjukuu wangu amesoma ya kwamba huko Ulaya na Marekani wako watu wafugao buibui nyumbani. Je, ni kweli au ni mzaha?

MWALIMU: Ni kweli kabisa. Hufuga buibui wakubwa wenye manyoya, kwa kuwapenda tu na kuwatazama. Mmoja wao asili yake ni huku kwetu Afrika ya Mashariki. Anapatikana Kenya na Tanzania, na wataalamu wamempa jina Pterinochilus murinus. Nasi tunaweza kujifunza kitu kwa wafugaji hao, maana wana shida moja na sisi: wanalea kinda dogo lihitajilo mdudu.

Wana kanuni tatu. Kanuni ya kwanza, mdudu asizidi ukubwa wa tumbo la kinda la buibui. Kanuni ya pili, mdudu asipoliwa huondolewa, kwa maana buibui anapojivua gamba mwili wake ni laini, na nyenje mwenye njaa aweza kumtafuna. Kanuni ya tatu, hawaokoti wadudu mashambani ovyo, kwa kuogopa sumu. Huwafuga wadudu wenyewe, wakajua wamekula nini. Shikeni sana kanuni hii ya tatu. Tutairudia.

Mdudu wanayemfuga zaidi ni nyenje, yule aimbaye usiku pembeni mwa ukuta. Sisi pia twaweza kumfuga.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyo safi na laini ndani, ili asipande. Weka ndani trei za mayai zilizochakaa au vipande vya boksi, wapate mahali pa kujificha. Kata tundu kubwa katika kifuniko, ulizibe kwa wavu wa waya. Usitumie chandarua cha mbu chenye dawa. Dawa ile imewekwa ili kuua wadudu, nayo haichagui kati ya mbu na nyenje wako.

Kamata nyenje usiku kwa taa, majike na madume. Dume ndiye aimbaye. Jike mkubwa utamjua kwa kijiti kama sindano kitokacho nyuma yake. Hicho ndicho atagiacho mayai mchangani. Walishe pumba kavu, majani ya mchicha, maganda ya viazi vitamu yabakiayo mnapotengeneza michembe. Maji usiyaweke katika kikombe kilicho wazi, watakufa humo. Lowesha pamba au kitambaa safi, wanyonye hapo.

Weka ndani kopo la mchanga wenye unyevu, kina cha vidole vitatu. Majike watataga humo. Baada ya wiki moja lihamishe kopo katika ndoo nyingine, ulinyunyizie maji kidogo kila siku lisikauke. Penye joto, mayai huanguliwa baada ya wiki moja au mbili. Watoto wa nyenje ni wadogo kama sisimizi. Wiki mbili baadaye wanatosha kwa kifaranga mdogo. Wakifika kama miezi miwili huwa wakubwa, na madume huanza kuimba. Usiwamalize wote. Bakiza wazazi, kama ubakizavyo mbegu ya mtama.

MAMA: Ndoo ikinuka?

MWALIMU: Ikinuka, umeilowesha mno au umeacha chakula kioze. Ondoa uchafu, weka pumba kavu. Na wakianza kulana wao kwa wao, jua wana njaa au wamesongamana.

Funza wa nzi mweusi

MWALIMU: Wako pia wafugaji wa funza. Si funza wa nzi wa chooni, maana huyo hutuletea kuhara. Ni funza wa nzi mmoja mweusi, mwembamba, anayefanana na nyigu lakini haumi. Nzi huyo akisha kukomaa hajali chakula chetu. Hutaga mayai mamia katika nyufa kavu juu ya takataka za mboga na matunda, na funza wake huzila takataka hizo. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii imechunguzwa sana na taasisi ya icipe ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya. Siku hizi wako watu wanaofuga funza hao kwa biashara. Mkitaka kuanza, mwoneni kwanza bwana mifugo awaonyeshe nzi mwenyewe, msije mkafuga nzi wa chooni kwa makosa. Funza waoshwe na kutiwa katika maji ya moto kabla ya kupewa kuku.

Mdudu ni mfuko

MWALIMU: Sasa tumefika mahali pa kutega masikio sana. Mzee, sema lile ulilonieleza kabla ya somo.

MZEE: Mimi nakaa Geita, kwenye machimbo. Nyuma ya nyumba yangu kuna karasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Vijana huosha mchanga hapo, huchanganya zebaki, kisha huichoma. Karibu na rundo la marudio kuna kichuguu kikubwa, na mchwa wake ni wengi na wanene. Nilikuwa nikiwaza, nitatega pale.

MWALIMU: Usitege pale, mzee wangu. Wala usiwaache kuku wako wachakure pale.

MZEE: Lakini mchwa ni wazima. Nimewaona kwa macho yangu.

MWALIMU: Mchwa kuwa mzima si ushahidi. Sikilizeni, wanakisomo. Mdudu ni mfuko. Kilichomo ndani ya mfuko ndicho kitakachoingia ndani ya kifaranga. Kifaranga akiwa kuku, kitaingia katika nyama na yai lake. Na yai hilo atapewa nani?

MAMA: Mtoto. Au mama mjamzito.

MWALIMU: Vema. Zebaki ikichomwa hugeuka mvuke usioonekana wala kunuka. Mwingine huvutwa na mchomaji mwenyewe, mwingine huanguka juu ya ardhi, paa na majani ya karibu. Ile iliyobaki huenda na maji katika matope na marudio. Zebaki hudhuru ubongo na figo, na anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni. Haiondoki kwa kuchemsha chakula. Haiondoki kwa kuosha. Pengine hutumiwa na sayanaidi, nayo ni sumu kali iuayo upesi. Kwa hiyo mahali pa karasha, mabwawa ya kuoshea, marundo ya marudio na mahali pa kuchomea si mahali pa kutafuta kitoweo cha kiumbe yeyote.

MZEE: Nimesikia, mwalimu. Basi sisi wa machimbo tufanyeje? Tuache kufuga?

MWALIMU: La. Ninyi ndio mnaofaa zaidi kufuga nyenje katika ndoo. Mchwa wa kichuguu hujui alipita wapi jana. Nyenje wa ndoo yako unajua kila alichokula. Ndoo ikae nyumbani, mbali na vumbi la karasha. Pumba na mchanga vitoke mahali safi, si kwenye mchanga wa kuoshea dhahabu. Na kuku nao wajengewe uzio, wasiende machimboni.

MAMA: Mwalimu, sisi wa Shinyanga hatuna zebaki nyumbani. Lakini msimu uliopita watoto waliniletea panzi wengi waliokufa, waliookotwa katika shamba la pamba. Niliwapa kuku wawili. Kesho yake nilikuta wote wawili wamekufa.

MWALIMU: Pole, mama. Ndilo jambo hilo hilo. Pamba hupigwa dawa mara kadhaa katika msimu. Mdudu aliyelala chini akitetemeka amekula dawa, naye si chakula cha bure. Andikeni: mdudu uliyemkuta amekufa, usimpe kuku. Mdudu wa shamba lililopigwa dawa, usimpe kuku. Waambieni na watoto, maana wao ndio waokotaji. Na pumba zenye ukungu msiwape kuku wala nyenje, kwa sababu ukungu nao una sumu.

Jinsi ya kulisha

MWALIMU: Sasa tufunge somo kwa kulisha. Weka vifaranga chini ya tenga lenye matundu, wao wapite na kuku wakubwa washindwe. Tenga hilo litawakinga na mwewe pia. Mwaga pumba laini kidogo, kisha wadudu. Wape kiasi cha kumaliza kwa muda mfupi, asubuhi na jioni. Wakibakiza, umezidisha. Mdudu awe mdogo kuliko mdomo uwezavyo kumeza. Mkubwa mkate, na miguu yenye miiba uiondoe. Weka mchanga safi kidogo, firigisi isage chakula. Maji yawe katika kisahani chenye vijiwe, kifaranga asizame.

Tena msisahau chanjo. Kitoweo hujenga mwili, lakini hakizuii kideri. Chanjo ya kideri iliyozoeleka vijijini ni tone moja jichoni kwa kila kuku, tena hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kijiji kizima kikichanja siku moja, hiyo ndiyo faida kubwa.

MAMA: Kuku wangu anaatamia tena, mwalimu. Mayai 11. Zimebaki siku 9.

MWALIMU: Basi siku 9 zinatosha kutafuta chungu na kujua mchwa wako wapi. Tutakuuliza mwezi ujao wamebaki wangapi. Kwaherini, wanakisomo. Mwalimu wa darasa, funga redio, mwanze kusoma.

Someni kwa sauti, wote pamoja

Pumba ni ugali wa kifaranga.
Mdudu ni kitoweo chake.
Mdudu ni mfuko.
Sumu ya mdudu huingia katika yai.
Sitategi mchwa penye zebaki.
Sitaokota panzi penye dawa.

Maswali

1. Kwa nini kifaranga alaye pumba peke yake husinyaa?
2. Kwa nini chungu cha mchwa hufunuliwa alfajiri?
3. Kwa nini hatubomoi kichuguu?
4. Kwa nini chandarua chenye dawa hakifai kufunika ndoo ya nyenje?
5. Mzee wa Geita aliona mchwa wazima karibu na karasha. Kwa nini aliambiwa asitege pale?

Hesabu

Mama alikuwa na vifaranga 10. Mwewe alichukua 2, na 5 walisinyaa wakafa. Kama wale 5 wangepona, angebaki na vifaranga wangapi?

Kazi ya nyumbani

Tembea kuzunguka nyumba yako. Chora katika daftari nyumba, kichuguu, shamba la pamba, njia ya maji na karasha kama ipo. Tia alama ya msalaba mahali pasipofaa kutega. Mwonyeshe jirani yako mchoro huo, umweleze sababu.